Kifua na Kitabu: Somo Kutoka Kisanduku cha Maktaba ya Msikiti



Ndugu msomaji, usiku wa kuamkia tarehe 21 ya Ramadhani iliyopita, baada ya Tarawehe, mtunza hazina wa jumuiya yetu alinikuta mlangoni mwa msikiti nikivaa viatu. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, majina ya leo yako wapi?"

Mkononi alikuwa na bahasha. Fedha zilikuwa kamili, haikupungua hata shilingi. Kilichopotea ni maandishi: nani ametoa, na ametoa kwa nia gani. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na swadaka ya futari, fidia za wasioweza kufunga, kafara ya kiapo, na zakatul-fitri za waliotanguliza. Kila moja ina hukumu yake na mahali pake pa kwenda. Sasa zote zilikuwa noti tupu katika bahasha moja, michango 31 isiyo na wenyewe.

Maandishi hayo yalikuwa katika kifaa nilichokitengeneza mimi. Nasoma Masomo ya Kiislamu, mwaka wa tatu, wala si mhandisi. Lakini hapa Uganda, na naamini hata kwa ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo wanaosoma jarida hili, wengi wetu tunatengeneza vifaa vidogo vya namna hii kwa ajili ya misikiti na madrasa zetu. Naandika ili kosa langu liwe somo kwako kabla halijawa kosa lako.

Kisanduku chenyewe

Katika maktaba ya msikiti wa chuo tuna kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi Zero 2 W. Urefu wake ni milimita 65 na upana milimita 30, yaani ni ndogo kuliko kadi ya benki. Mwanafunzi asiye na bando hujiunga na waifai ya kisanduku hiki, hufungua ukurasa kwenye simu yake, huandika neno, na kuletewa hadithi za Mtume (S.A.W.) zenye neno hilo kutoka vile vitabu sita mashuhuri, Kiarabu pamoja na tafsiri. Mtunza hazina naye alikuwa akiandikia michango humohumo.

Hifadhidata tunayotumia ni SQLite, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000. Haihitaji seva ya kuiendesha. Hifadhidata nzima ni faili moja, na programu yako huisoma moja kwa moja. Ndiyo iliyomo katika simu za Android na iPhone, kwa hiyo hata wewe unayo mfukoni. Programu yangu niliiandika kwa lugha ya Python.

Sasa angalia hesabu. Memori kadi ya kisanduku ni ya gigabaiti 32. RAM yake ni megabaiti 512 tu, na hizo inagawana na mfumo wa Linux wenyewe. Kadi huhifadhi vitu hata umeme ukikatika. RAM ndiyo sehemu ya kufanyia kazi, na programu ikifa, vyote ilivyoviweka humo hufa nayo. Mimi niliiona ile 32 nikaridhika, nikasahau ile 512.

Kilichotokea usiku ule

Kumi la mwisho lilikuwa limeingia na msikiti umejaa. Wanafunzi wengi walikuwa wameunganisha simu zao. Mmoja wao akaandika katika kisanduku cha kutafutia neno "alisema". Simlaumu, ni neno la kawaida. Lakini hebu fikiri, ni hadithi ngapi zisizo na neno "alisema"?

Programu ikaanza kukusanya karibu kila hadithi ya vitabu sita na kuipanga katika RAM. Wengine nao wakaendelea kutafuta. RAM ikajaa. Linux inapoishiwa kumbukumbu kabisa huchagua programu moja, kwa kawaida ile iliyomeza kumbukumbu nyingi zaidi, na kuiua papo hapo ili mfumo mzima usizame. Programu haionywi wala haipewi nafasi ya kuhifadhi ilichokishika. Nilipoandika amri ya `dmesg` asubuhi yake niliukuta mstari unaoeleza hivyo: kumbukumbu imekwisha, programu imeuawa, na jina lililotajwa ni la programu yangu.

Walichojua wanazuoni wa hadithi

Muhula huohuo darasani tulikuwa tukisoma masharti ya mpokezi wa hadithi, na moja lake ni dhabti, yaani umakini wa kuhifadhi. Wanazuoni wameigawa mara mbili. Kuna dhabti ya kifua, mtu kuyashika aliyoyasikia moyoni hadi aweze kuyatoa wakati wowote. Na kuna dhabti ya kitabu, mtu kuyaandika na kukilinda kitabu chake tangu siku ya kusikia hadi siku ya kusimulia.

Tukasoma habari za Abdallah ibn Lahi'a, kadhi wa Misri aliyefariki mwaka 174 wa Hijra. Wanazuoni wanasimulia kwamba vitabu vyake viliungua, na baada ya hapo riwaya zake zikaingiwa na mchanganyiko. Ndiyo maana wakatofautisha: waliosikia kwake zamani, kama Abdallah ibn al-Mubarak, riwaya zao wakaziona bora kuliko za waliomjia mwishoni. Hawakumvunjia heshima mzee yule. Walipima tu ni kipi kilikuwa kikitegemea kitabu, na kipi kilibaki kwa kifua peke yake.

Nilikuwa nayajua haya kwa ajili ya mtihani. Kisanduku kilinionesha kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekitwisha kifua kidogo mambo ambayo haki yake ni kubaki kitabuni. Nilikosea mara tatu.

Kosa la kwanza: kuleta vyote

Katika Python nilitumia `fetchall()`. Amri hiyo huleta majibu yote kwa mkupuo na kuyaweka katika RAM. Kwa neno lenye majibu 10 hakuna tatizo. Kwa neno lenye majibu maelfu ni maafa, na yakizidishwa kwa idadi ya wanaotafuta ni maafa zaidi.

Maandishi ya Kiarabu nayo ni mazito kuliko unavyodhani. Katika mpangilio wa UTF-8 kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2, na kila haraka, yaani fat-ha, dhamma, kasra au shadda, huchukua baiti 2 zake. Jina la Muhammad kwa Kiarabu lina herufi 4. Ukilitia dhamma, fat-ha, shadda na fat-ha nyingine linafika baiti 16, wakati kwa herufi zetu za Kiswahili ni baiti 8.

Dawa yake ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuleta kidogo. Weka `LIMIT 20` katika swali unaloiuliza hifadhidata, na majibu yasome mstari mmoja mmoja badala ya yote pamoja. Msomaji akitaka zaidi, endelea kuanzia namba ya hadithi ya mwisho aliyoiona, kwa mfano `WHERE id > 840`. Usitumie `OFFSET` kubwa, kwa sababu hifadhidata hulazimika kupita juu ya mistari yote inayorukwa.

Hatua ya pili ni kuwa na faharasa. Zamani nilitafuta kwa `LIKE '%neno%'`, na kwa njia hiyo SQLite husoma jedwali lote tangu mwanzo hadi mwisho, kila mara. Tangu toleo la 3.9.0 la mwaka 2015, SQLite ina FTS5, faharasa ya maneno inayojua kila neno limo katika mistari gani. Kwa Kiarabu tuliongeza nakala ya maandishi yaliyoondolewa haraka, na hiyo ndiyo inayofanyiwa faharasa, kwa kuwa hakuna anayetafuta neno kwa kulitia haraka zote.

Jambo hili si geni kwetu. Imamu al-Mizzi wa Damascus, aliyefariki mwaka 742 wa Hijra, alitunga *Tuhfat al-Ashraf*. Humo amezipanga hadithi za vitabu sita kwa majina ya Masahaba, na chini ya kila Sahaba kwa majina ya waliopokea kutoka kwake. Hakunakili hadithi nzima. Anataja ncha yake tu, kisha anakuelekeza iko katika kitabu gani na mlango gani. Faharasa ya hifadhidata hufanya kazi hiyohiyo: inashika ncha, nawe unakwenda kuchukua hadithi mahali ilipo.

Hatua ya tatu ni mpangilio. Ukiitaka SQLite ipange majibu kwa kitu kisicho na faharasa, italazimika kuyakusanya kwanza ndipo iyapange. Sisi tunayapanga kwa namba za mistari, yaani kwa mfuatano wa vitabu vyenyewe, na kazi hiyo ya kukusanya haipo tena.

Kosa la pili: kashe kwa kila mgeni

SQLite husoma faili kwa kurasa. Tangu mwaka 2016 ukurasa wa kawaida katika faili jipya ni baiti 4096. Kurasa zilizosomwa karibuni huwekwa katika RAM ili zisisomwe tena kutoka kwenye kadi, na hapo panaitwa kashe. Ukubwa wake unawekwa kwa amri hii:

`PRAGMA cache_size = -2000;`

Alama ile ya kutoa ina maana. Namba yenye alama ya kutoa huhesabiwa kwa kilobaiti, na namba isiyo nayo huhesabiwa kwa kurasa. Hiyo -2000, karibu megabaiti 2, ndiyo kawaida ya SQLite usipoigusa.

Mimi niliigusa. Nilisoma ushauri wa watu wenye seva kubwa nikaweka -64000, karibu megabaiti 64. Sikujua kwamba kashe hiyo ni ya kila muunganisho peke yake, nami nilikuwa nikifungua muunganisho mpya kwa kila simu. Miunganisho minne ingeweza kufika megabaiti 256. Minane ingeweza kufika 512, yaani RAM yote, kabla sijahesabu Linux wala Python.

Sasa tuna miunganisho minne tu, na wanaotafuta hupanga foleni kwa sekunde chache. Kashe imerudi -2000, kwa hiyo jumla yake haivuki megabaiti 8 hivi. Usihofu kwamba kasi itakufa. Linux yenyewe huweka sehemu za faili zilizosomwa karibuni katika RAM iliyobaki wazi, na programu nyingine ikiihitaji RAM hiyo huiachia.

Kosa la tatu: kuchelewesha amana

Hili ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimesikia kwamba memori kadi huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na ni kweli. Basi nikapanga michango ya siku ikae katika RAM, na saa sita usiku yote iandikwe kwenye kadi mara moja. Mtunza hazina alikuwa akiona neno "imepokelewa" kwenye simu yake, na kumbe hakuna kilichoandikwa popote pa kudumu.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni. Nilikuwa nimeisoma darasani na tafsiri yake. Kisha nikaenda bwenini nikaandika programu inayochelewesha kuandika.

Michango 30 au 50 kwa usiku ni maandishi machache mno kuichosha kadi. Tulibadilisha mambo manne:

1. Kila mchango unaandikwa na kuthibitishwa kwa `COMMIT` palepale. Neno "imepokelewa" haliji mpaka uthibitisho upite.

2. Michango ina faili lake na programu yake, mbali na hadithi. Programu ya kutafuta ikimeza kumbukumbu ikauawa, ya michango haiguswi. Faili la hadithi linafunguliwa kwa kusoma tu.

3. Faili la michango linatumia `PRAGMA journal_mode = WAL`. Kwa utaratibu huu mabadiliko huandikwa kwanza katika faili la pembeni, kisha huhamishiwa katika faili kuu.

4. Pamoja na hiyo tumeweka `PRAGMA synchronous = FULL`. Ukiweka `NORMAL` katika utaratibu wa WAL, umeme ukikatika faili haliharibiki, lakini michango ya mwisho yaweza kutoweka. Kwa `FULL`, kila uthibitisho unasubiri kadi ipokee kwanza. Kwa amana za watu, kusubiri huko ni haki yao.

Kuweka mpaka

Hata ukirekebisha yote hayo, weka mpaka wa mwisho. SQLite ina amri mbili:

`PRAGMA soft_heap_limit = 25165824;`
`PRAGMA hard_heap_limit = 33554432;`

Namba hizo ni baiti, yaani megabaiti 24 na 32. Mpaka wa kwanza ni wa upole. SQLite ikiukaribia hupunguza kashe yake, ila ikilazimika huuvuka. Wa pili, uliokuja na toleo la 3.31.0 mwaka 2020, hauvukwi. Ombi linalouzidi hushindwa na kurudisha kosa, na programu yako inaweza kumwambia mtafutaji apunguze neno lake. Ni afadhali ombi moja likataliwe kuliko programu nzima kuuawa. Kumbuka pia kwamba mpaka huu ukishauweka kwa amri hii unaweza kuushusha tu, huwezi kuupandisha.

Lakini usiutegemee kupita kiasi. Mipaka hii inahesabu kumbukumbu inayotumiwa na SQLite pekee. Orodha niliyokuwa nikiijaza kwa `fetchall()` ilikuwa ya Python, na mpaka huu usingeizuia. Ndiyo maana nimeanza na kosa la kwanza.

Kupima kabla ya kuaminiwa

Kabla ya Ramadhani nilikijaribu kisanduku kwa simu moja, yangu, nikiwa peke yangu. Kikaenda vizuri, nikamwambia amiri wetu kiko tayari. Huko hakukuwa kupima.

Ijumaa moja ya Shawwal tuliwaalika wenzetu 20 wakae maktabani, kila mmoja na simu yake. Nikahesabu hadi tatu, na wote wakaandika "alisema" kwa pamoja. Linux huweka habari za kila programu katika faili la `/proc/namba-ya-programu/status`. Humo mstari wa `VmRSS` unaonesha RAM inayotumika sasa, na `VmHWM` kiwango cha juu kabisa ilichowahi kufikia. Utazame huo wa pili, kwa sababu programu huuawa kileleni, si katika wastani. Kilele chetu kilikuwa megabaiti 58.

Kisha mtunza hazina akaandika mchango wa majaribio, akaona "imepokelewa", nami nikachomoa waya wa umeme palepale. Tulipouwasha tena, mchango ulikuwepo. Tulirudia mara kumi.

Yaliyoipata bahasha

Asubuhi ya tarehe 21, baada ya Alfajiri, nilisimama mbele ya safu nikaeleza kilichotokea na kwamba kosa ni langu. Nikawaomba waliotoa jana waje. Kwa siku tatu walikuja wenye michango 27. Kati yao alikuwamo mama anayeuza chapati langoni, mgonjwa wa kisukari, ambaye alikuwa ametoa fidia ya mwezi mzima. Aliniuliza jambo moja: "Mwanangu, imefika?" Nikamwambia fedha iko, jina ndilo lililopotea, na sasa nimeliandika. Akaniangalia kidogo, akasema, "Soma nilione." Nikamsomea.

Michango minne haikupata wenyewe. Sheikh wetu alituelekeza ipelekwe kwa masikini, mahali ambapo aina zote zile zinaruhusiwa kufika, na nia zake tukamwachia Mwenye kuzijua.

Ndugu yangu, ukitengeneza kitu cha kuwahudumia watu, anza kwa kujua ukubwa wa kifua chake. Kisha kila unachotaka kukiweka humo, jiulize: hiki kikipotea usiku huu, nani atakuja kuniuliza? Kama yupo wa kuuliza, kiandike sasa.

Maswali ya kujipima

1. Programu ya madrasa inafungua miunganisho 10, kila mmoja na `cache_size = -8000`. Kashe zote kwa pamoja zinaweza kufika megabaiti ngapi hivi? Je, kifaa chenye RAM ya megabaiti 128 kitahimili?

2. Kwa nini `hard_heap_limit` isingekiokoa kisanduku chetu usiku ule?

3. Katika kazi yako mwenyewe, taja kitu kimoja kinachokaa katika RAM ambacho haki yake ni kuwa kitabuni.

Mwenye kifaa kama hiki na akakwama, aje maktabani Jumamosi baada ya Adhuhuri. Tutafungua programu zetu pamoja, na yangu itakuwa ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.